Fedha za Sikio la Dada Waisiko

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Chai bila sukari. Ghati anasema sukari ipo, ila ni ya wageni. Ndoa ya miaka yote hii, na sijapata kuwa mgeni hata mara moja!

Lakini leo nimepata cheo. Ukoo umenichagua kuwa mweka hazina wa sikio la dada Waisiko. Dada ndiye mkubwa wetu, yuko kule Manchira alikoolewa, na masikio yake yanazidi kufifia. Ukimkaribisha chakula anakujibu kwamba ng'ombe hawajambo. Sasa wataalamu wa masikio wanakuja hospitalini Mugumu Ijumaa ya wiki ijayo. Ukilipa siku hiyo unavalishwa kifaa hapohapo. Usipolipa wanaondoka nacho, na hakuna ajuaye watarudi lini. Kwa hiyo tumechanga. Mdogo wangu Heche, anayechimba dhahabu kule Nyakunguru, ametoa fungu kubwa kuliko sote. Akanipigia kunionya kwamba fedha hiyo ikipungua hata ya kiberiti, atakuja mwenyewe. Nikamwambia amwamini kaka yake. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

Fedha yote imo kwenye simu yangu. Jioni niliitazama mara kadhaa. Inapendeza.

Halafu nikaikumbuka kaseti ya tata. Marehemu baba yetu akipiga iritungu, ala yetu ya nyuzi nane, uwanjani nyumbani, jioni moja ya mwaka 1989. Nilimrekodi mwenyewe. Nilibonyeza kile kitufe chekundu na kile cheusi kwa pamoja, nikazuia pumzi upande mzima wa kaseti. Hakuna rekodi nyingine yake duniani. Nikajiuliza: dada akivalishwa sikio jipya, asikie nini kwanza? Muungurumo wa bodaboda? Hapana. Amsikie tata!

Tatizo, kaseti ina makelele, inakwaruza mno. Lakini simu imeniletea tangazo la programu ya kampuni moja ya ng'ambo inayosafisha sauti za zamani. Unalipa kila mwezi. Nikapata wazo: nalipa, nasafisha, nadai fedha yangu irudi kabla ya hiyo Ijumaa. Nani atajua? Na baada ya hapo Tarime nzima ina kaseti za harusi na za kwaya zinazokula vumbi juu ya makabati. Naona utajiri.

Nimelipia kwenye duka la programu lililomo ndani ya simu. Duka linakubali vocha, kwa hiyo nimenunua vocha kwa fedha ya sikio. Sijaiba. Nimezungusha tu.

Jumanne, 4 Machi

Ili kuiingiza kaseti kwenye simu unahitaji redio kaseti nzima, na redio kaseti nzima mjini iko moja. Iko kwa Faridu, fundi wa redio na simu hapa Nyamisangura. Mpinzani wangu.

Redio hiyo ilikuwa yangu! Ile yenye milango miwili, ya kunakilia. Miaka ile nilikuwa na kibanda sokoni, kimepakwa rangi ya bluu, spika mbili nje, watu wanatoka hadi Sirari kuja kunakiliwa nyimbo. Krismasi walipanga mstari. Niliandika majina ya nyimbo kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu, na kaseti ikijikunja niliizungusha kwa kalamu ya Bic huku mteja akisubiri kwa adabu. Wasichana walikuwa wakiniita Baba Muziki. Halafu zikaja sidii, halafu memori kadi, halafu kila mtoto akawa na kibanda changu mfukoni. Siku ninafunga kibanda, Faridu akainunua redio kwangu kwa bei ya kuku. Tangu siku hiyo ameiweka kabatini, nyuma ya kioo, na haiuzi. Nikipita naiona.

Nimechagua kwenda leo kwa akili. Ni Ramadhani, Faridu amefunga, na mtu aliyefunga hatakiwi kugombana. Nilimwambia nataka kuiazima kwa saa chache kwa ajili ya dada mgonjwa. Akavuta pumzi. Akasema hiyo redio haitoki, lakini naweza kuketi palepale dukani niitumie. Akanipa kiti kibovu kwa makusudi. Nikaketi. Akaniunganishia waya, akabonyeza, na tata akaanza kupiga.

Faridu alisimama na koleo yake mkononi mpaka upande ukaisha. Akasema baba yangu alikuwa na vidole. Sikupenda alivyosema vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Ghati amerudi kanisani na alama kwenye paji la uso na nadhiri ya kutosema uongo Kwaresima nzima. Akaniuliza mimi nimeacha nini. Nikasema nafikiria. Akasema nifikirie haraka, Pasaka inakuja.

Mkasa! Malipo ya mwezi yanaruhusu kusafisha nyimbo tatu tu. Kaseti ina saba. Kuingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, nakuta ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo unapunguziwa nusu, na unasafisha hadi uchoke. Hapo huwezi kulipa kwa vocha, lazima kadi. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye laini yangu, nikaijaza fedha ya sikio, nikalipa mwaka. Nusu ya bei! Mtu mwenye akili angefanya nini? Na kwa kuwa yote itarudi, nikilipa kubwa nitarudishiwa kubwa.

Baada ya chakula cha mchana nikajifungia chumbani nikasafisha. Programu inazungusha kiduara, halafu inakwambia tayari. Nikaweka spika za masikioni.

Nyuzi zote nane. Safi kabisa. Ukimya, halafu tata peke yake, kana kwamba ameketi kitandani kwangu. Nimelia. Naandika hivyo kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akitoka machungani, hata miguu hajanawa, anakitafuta kigoda chake, anakohoa mara mbili, anaanza. Sisi tulinyamaza bila kuambiwa. Siku hizi nani ananyamaza?

Nimezihifadhi nyimbo zote kwenye kumbukumbu ya simu. Kesho nadai.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mkakati. Nimefikiri kama mzee wa baraza.

Kwetu, ndoa ikivunjika na unataka ng'ombe zako za mahari, huendi tu kwa wakwe kupiga kelele huku binti yao bado anapika kwako. Watakucheka. Kwanza binti arudi kwao, na vitu vyake vyote, asibakize hata kijiko. Hapo ndipo wazee wanakaa na ng'ombe zinahesabiwa. Sasa mimi siwezi kudai fedha ya programu wakati programu bado imekaa kwenye simu yangu. Ni suala la heshima.

Kwa hiyo nimeifuta kwenye simu. Halafu nikaingia kwenye tovuti yao, nikaifuta na akaunti yangu, pamoja na kila kitu kilichokuwemo. Waliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo mara mbili. Nikafuta hata barua pepe zao za stakabadhi, ili wasije wakasema nimebaki na chao.

Binti amerudishwa salama. Nimelala kidogo mchana. Usingizi wa mtu safi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaandikia kampuni. Ni muhimu kuanza na salamu, nikawauliza habari za huko na mvua. Nikawaambia kwamba nimewarudishia mali yao yote, sasa naomba malipo yangu mawili, ya mwezi na ya mwaka, kwa amani, kabla sijawashirikisha wazee.

Wamejibu baada ya chakula cha mchana. Nimeisoma mara nne, na simu ikinitafsiria. Wanasema hivi. Malipo ya mwezi niliyafanya kupitia duka la simu, kwa hiyo fedha hiyo iko mikononi mwa duka, wao hawawezi kuigusa, nikaombe dukani, na afadhali ningewahi. Malipo ya mwaka ndiyo niliyafanya kwao moja kwa moja, duka halihusiki, na wao ndio wanaoamua kwa masharti yao. Lakini hawanioni! Akaunti yenye barua pepe yangu haipo. Wananiuliza ninayo stakabadhi?

Mwishoni wameongeza kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ningekaa kimya, mwezi ujao duka lingenikata tena.

Kwa hiyo nilioa mara mbili! Mara moja ng'ombe zangu amezishika mshenga, mara ya pili amezishika mkwe mwenyewe. Na yule mkwe nimemfutia mlango nikiwa nje.

Heche amepiga simu kuuliza fedha haijambo. Nikasema haijambo, inawasalimu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia kwenye duka la simu. Nimetafuta palipoandikwa kurejeshewa, nikakuta malipo ya mwezi yapo, jina langu lipo, tarehe ipo. Utaratibu mzuri! Wanakupa sababu za kuchagua. Nilitaka kuchagua zote, ikakataa. Wakasema ningeomba ndani ya siku mbili ingekuwa rahisi, ila watalitazama. Kabla sijamaliza ugali wamekubali.

Nikajaribu kuwadai na ya mwaka hapohapo. Hawana habari nayo. Hawajawahi kuisikia.

Nikafungua simu kuipokea fedha. Hakuna fedha. Kuna vocha! Fedha hurudi kwa njia iliyotoka nayo, na mimi nililipa kwa vocha. Sasa nina vocha ya kuongea na dunia nzima mpaka Krismasi, na wataalamu wa masikio hawalipwi kwa vocha.

Mchana kutwa nimezunguka Nyamisangura nikiwarushia watu vocha wanilipe taslimu. Nimeuza kwa hasara. Faridu naye anauza vocha, na aliponiona nimesimama mbele ya duka lake nikiwaita wateja wake alitoka nje. Nikamkumbusha kwamba amefunga. Akarudi ndani, akafunga na dirisha.

Jumatatu, 10 Machi

Sehemu ndogo imepatikana. Kubwa, ile ya mwaka, bado. Ijumaa inakuja mbio.

Nimekaa chooni nikifikiri, maana ndipo pekee ambapo Ghati hanitumi kitu. Nimepata! Mteja asiye na akaunti hawamsikilizi. Lakini je, mteja aliyefariki? Nani atamnyima mjane?

Nimechukua simu ya Ghati alipokuwa anaoga. Nikaandika kwa barua pepe yake, kwa uchungu. Kwamba mume wangu Mseti, mtu mwema, mpenda muziki, mrefu, ametutoka ghafla. Kwamba alilipia mwaka mzima na hataweza kuutumia. Kwamba naomba fedha irudi kwenye kadi ileile, na nikawapa namba nne za mwisho za kadi ili waipate safari hii. Niliposoma nilichoandika machozi yakanilengalenga. Kweli ni pengo.

Nikafuta barua ile upande wa zilizotumwa. Siachi alama.

Jumanne, 11 Machi

 

Saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani nachoma ndizi. Nikasikia kilio kutoka sokoni. Si kilio cha mwizi, ni kilio cha msiba, kile cha akina mama wa kwetu kinachopasua mji. Nikaacha ndizi. Mimi si mtu wa kukosa msiba wa jirani. Nikakimbia, nikajipenyeza kati ya watu, nikaona akina mama wameketi chini, kanga imetandikwa, watu wanaweka rambirambi. Nikavua kofia. Nikamuuliza mama mmoja kwa sauti ya chini, nani ametutoka.

Akanitazama. Akasema: wewe.

Katikati ya kanga alikuwa Ghati.

Nimeelezwa baadaye yaliyotokea. Kampuni walijibu asubuhi. Ghati akaona barua ya Kiingereza, akampelekea Faridu amsomee. Faridu akasoma: tunakupa pole nyingi kwa kifo cha mume wako Mseti, tunaomba cheti cha kifo ili tuendelee. Ghati akasema haiwezekani, nimemwacha anachoma ndizi. Faridu akasema imeandikwa hapa, na jina lake. Ghati akafikiri kwamba wale watu wa mitambo huko ng'ambo wanajua mambo kabla yetu, huenda ndizi imenipalia. Akaanguka. Soko zima likaanguka naye.

Aliponiona alisimama. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku. Akasema, "Baba Sarah, uko hai?" Nikasema niko. Akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hajafanya tangu tuhamie mjini. Halafu akaniuliza, taratibu sana, ni nani basi aliyewaandikia.

Nilitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza maishani haukuja.

Na Faridu! Alikuwa amefunga duka. Amesimama pembeni na kofia yake ya msiba, na miguuni pake, juu ya kanga, kati ya noti za watu, kuna redio kaseti yangu. Alikuwa amekuja kuiweka kama rambirambi. Macho mekundu. Aliponiona akainama kuiokota. Bibi Nyangi, mkongwe wa soko anayeuza dagaa, akamzuia kwa fimbo.

Magharibi Heche akafika kwa pikipiki kutoka Nyakunguru, ana vumbi la mgodini hadi kwenye kope, analia kwa sauti. Akanikuta mlangoni. Alifurahi kwa muda mfupi sana. Ghati akamweleza yote, moja baada ya jingine, bila kuacha kitu. Ile nadhiri yake. Heche akakaa chini. Akasema, "Mura, umechukua fedha ya sikio la dada ukalipia muziki atakaoshindwa kuusikia?"

Sikuwa nimeitazama kwa upande huo.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala sebuleni na Heche. Anakoroma kwa hasira.

Asubuhi Ghati akaenda kwa Faridu wakaandika barua nyingine, yeye akisema, Faridu akiandika. Akawaambia kampuni kwamba mume wake yu hai, kwa sasa. Kwamba alidanganya. Kwamba fedha ile ilichangwa na ndugu kwa ajili ya masikio ya dada yao, kwamba nyimbo alizisafisha zote, na kwamba wao waamue kwa haki.

Nilimwambia amekosea. Huwezi kudai kwa kusema ukweli, unajifunga mikono.

Wamejibu mchana! Wanashukuru kwa uwazi. Wanafurahi kwamba niko hai. Watakata ya mwezi mmoja niliotumia, na miezi iliyobaki watairudisha kwenye kadi ileile. Nikaruka. Halafu Faridu akasoma mstari wa mwisho. Itachukua siku kadhaa za kazi kupita kwenye benki, pengine hadi wiki ijayo.

Ijumaa ni keshokutwa. Heche akatoka nje akasimama peke yake kwenye mvua. Nilimwona dirishani. Ni yeye ambaye dada Waisiko alimbeba mgongoni mwaka wa njaa, kutoka nyumbani hadi Manchira, kwa miguu. Mimi nilikuwa mkubwa, nilitembea. Ningeweza kuvumilia anitukane. Hakutukana. Nilijisikia mdogo.

Ghati alikuwa na ile rambirambi ya soko, imefungwa kwenye kanga. Akaenda kuirudisha kwa mmoja mmoja, na mimi nyuma yake nikiomba radhi. Tulianza kwa Bibi Nyangi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, akasema haitikii marehemu. Halafu akamwambia Ghati arudi na kanga yake. Rambirambi hairudishwi. Ukiirudisha unakiambia kifo kwamba kazi haikwisha, kije tena kimchukue mtu wake. Ghati akauliza kama hakuna namna yoyote. Bibi akasema hakuna namna.

Ghati akanitazama kwa muda. Aliipima ile fedha mkononi, akanitazama tena. Sitaki kujua alikuwa anafikiria nini.

Kwa mwingine ikawa hivyohivyo. Na kwa mwingine. Soko zima limekataa. Duka la simu linarudisha, kampuni inarudisha, lakini mama wauza dagaa hawarudishi!

Tukahesabu nyumbani. Pamoja na iliyobaki kwenye simu na ya vocha, inatosha kwa sikio la dada, na mafuta ya gari la kuazima hadi Mugumu.

Faridu alipita jioni baada ya kufuturu. Akasema hakuja kwa ajili ya redio, amekuja kujulia hali tu. Akaitazama pale mezani. Ghati akamwambia kwa upole kwamba ndiyo hivyo, hairudi. Akasema anajua. Akafuta vumbi la kwenye spika kwa kanzu yake, akaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Mugumu. Tumefika mapema, mimi, Ghati na Heche. Dada Waisiko alikuwa ameshafika kutoka Manchira, amevaa gauni la Pasaka. Nilimwamkia shikamoo, akaniambia kunde zimestawi.

Wakamwita ndani. Ghati akalipa, mimi sikuruhusiwa kugusa kitu. Mtaalamu akamvalisha, akazungusha kitu kidogo nyuma ya sikio. Mvua ilikuwa inapiga bati. Dada akainua uso. Akauliza, hiyo ni mvua? Tukasema ni mvua. Akacheka kama msichana. Akasikiliza mvua mpaka tukachoka kusimama. Halafu akanigeukia akaniuliza kwa nini napiga kelele. Nilikuwa nimezoea.

Tukaketi kwenye benchi la nje. Nikatoa simu yangu. Hii ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikamwambia, dada, sikiliza. Nikafungua wimbo wa kwanza, ule safi.

Alisikiliza hadi mwisho. Nikasubiri machozi. Akauliza, huyu ni nani?

Nikasema ni tata! Akasema mikono ni ya tata, ndiyo. Lakini yuko wapi? Tata hakuwahi kupiga peke yake, kwenye nyumba tupu namna hii. Anapiga kama mtu aliyefiwa na wote.

Heche akaingia kwenye gari la jamaa yake tuliloazima, akatoa ile redio kaseti, na mfukoni mwake kaseti yenyewe. Sikujua amebeba. Akaiweka kwenye mapaja ya dada, akabonyeza.

Makelele yote yakatoka. Mikwaruzo. Ng'ombe. Mtu anapasua kuni. Halafu, mbali kidogo, nyuma ya nyuzi za tata, mwanamke anaimba pamoja naye, anaukosea wimbo, anacheka. Mama. Mama yetu, ambaye hatukuwahi kumrekodi kwa sababu hakuna aliyefikiri kumrekodi. Miaka yote hii nilikuwa namsikia tata tu, na mama sikumsikia. Na ile programu ilimkuta, ikamhesabu kuwa uchafu, ikamsafisha. Nililipa mara mbili kumfuta mama yangu.

Anaacha kuimba. Anaita, "Waisiko! Leta maji!" Mwaka ule dada alikuwa amekuja nyumbani kujifungua.

Dada Waisiko akainuka kwenye benchi. Akasema, "Naleta, mama." Amesimama hivyo, mikono mitupu, mvua inamrukia miguuni, kaseti inaendelea.

 Ghati alinishika mkono. Nilimuomba dada msamaha, akaniambia ninyamaze, anasikiliza. Nikanyamaza. Tulinyamaza sote bila kuambiwa, kama zamani.

Jumatatu, 17 Machi

Jua. Chai ina sukari! Ghati amesema nusu kijiko, kwa ajili ya kufufuka.

Fedha ya mwaka imerudi kwenye kadi leo asubuhi. Kampuni ya heshima. Ujumbe umeingia kwenye simu yangu peke yangu. Heche amerudi Nyakunguru, Ghati yuko sokoni, na wote wanajua ni siku kadhaa za kazi, hakuna anayejua ni ngapi. Itagawanywa kwa waliochanga. Hilo nimeapa.

Lakini nimefikiri sana juu ya yaliyotokea Mugumu, na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kusafisha. Watu hawataki sauti safi! Watu wanataka mikwaruzo, ng'ombe, kuni, mama anaita. Na leo, kama vile simu ilinisikia, imeniletea tangazo la programu nyingine kabisa. Hii inaongeza makelele. Unaipa wimbo mpya wa kijana wa jana, inakutolea kaseti ya mwaka 1989. Nikiweka na ile redio mbele, na kibanda cha bluu, na kalamu nyekundu! Vijana wa mji huu watapanga mstari. Fedha ya wachangaji itakuwa imezaa kabla hawajaiuliza.

Siku saba za kwanza ni bure. Baada ya hapo wanakata mwaka mzima, lakini mimi nitasitisha siku ya sita, si mtoto. Nimejiandikisha kwenye tovuti yao, si dukani, maana dukani wanarudisha vocha. Nimewapa namba zote za kadi.

Na safari hii nimetumia akili zaidi. Penye jina la mteja na barua pepe nimeandika za Heche. Mambo yakiharibika na ikabidi mtu afe, afie Nyakunguru.